Natia tiki kwamba nimemgeuza Bibi, na sijamgeuza

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Voi, na huu ni mwaka wa sita niko Massachusetts. Kazi yangu ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, katika nyumba ya wazee. Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani na hawaijui kazi hii, sisi ndio tunaowaogesha wazee, kuwalisha, kuwabadilisha nepi, kuwapeleka chooni na kuwalaza. Muuguzi anagawa dawa na kufunga vidonda. Mengine yote ya mwili wa mzee yako mikononi mwetu.

Naingia saa 9 alasiri, natoka saa 5 usiku. Wodi yetu ina wazee 24. Nilipoanza tulikuwa CNA watatu kila jioni, na hata hivyo tulikuwa tunakimbia. Baada ya korona watu walianza kuondoka na nafasi zao hazikujazwa. Mmoja alihamia ghala la mizigo, akaniambia boksi likiwa zito unaita mwenzako, lakini mzee akiwa mzito hakuna wa kumwita. Mwingine mgongo ulimshinda. Sasa tuko wawili, na mara mbili tatu kwa mwezi, hasa Jumapili, mwenzangu asipokuja nabaki peke yangu na muuguzi mmoja, ambaye naye ana dawa za watu 24.

Kuna bibi mmoja chumba cha mwisho. Nitamwita Bibi tu. Ana miaka 88, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mpaka leo ukiingia kwake bila kubisha hodi anakurudisha mlangoni ubishe. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, lakini akili yake iko sawasawa. Hawezi kujigeuza. Mpango wake unasema ageuzwe kila baada ya saa 2, na kumtoa kitandani ni kwa mashine ya kunyanyulia, watu wawili.

Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, nilikuwa peke yangu. Taa za kuitia ziliwaka mlango baada ya mlango. Mzee mmoja alianguka chooni, nikakaa naye sakafuni mpaka muuguzi akaja kumwangalia. Nilipofika kwa Bibi ilikuwa saa 3 na robo usiku. Sinia ya chakula cha jioni ilikuwa pale pale ilipowekwa, supu imefanya utando juu, kijiko bado kimefungwa kwenye karatasi yake. Nepi ilikuwa imelowa mpaka kwenye shuka. Nilipomgeuza ndipo nikaona. Pale mwisho wa uti wa mgongo ngozi ilikuwa imefunguka, upana wa sarafu ya shilingi 20. Bibi hakulia. Alinishika kwa ule mkono wake wa kushoto akasema, "Usikimbie. Kaa kidogo." Na mimi nilikuwa na vyumba saba sijavigusa.

Nilimwita muuguzi, akaja akakisafisha na kukifunga. Halafu saa 4 na dakika 40 nikasimama mbele ya ile skrini ya ukutani tunayojazia kazi za zamu. Bibi, saa 10 jioni, amegeuzwa? Saa 12? Saa 2 usiku? Saa 4? Amekula kiasi gani? Nikatia tiki zote. Nikajaza kwamba amekula nusu sahani. Nikachukua koti nikaenda nyumbani.

Dada, haikuwa mara ya kwanza, na siko peke yangu. Msimamizi wetu husema tusiache nafasi wazi, wakaguzi wakija zitatuponza. Nilipomwambia mwenzangu kwamba dhamiri inanisuta, alinijibu: ukifukuzwa, nani atamlipia mdogo wako karo? Ni kweli. Namlipia mdogo wangu chuo Eldoret, na mama anameza dawa za presha kila siku ambazo nazinunua mimi.

Juzi Jumamosi binti yake Bibi, ambaye haja yake ni mama yake tu, alinisimamisha kwenye korido akaniuliza, "Mama anageuzwa usiku?" Nikamwambia ndiyo. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Tangu siku hiyo usingizi umenihama.

Niache kazi? Nimwambie binti ukweli? Nilikipiga picha kile kidonda kwa simu yangu, nimtumie kwa WhatsApp? Au ninyamaze, niendelee kufanya ninachoweza? Nyanya yangu alilala kitandani miaka miwili kabla ya kufariki, mama yangu ndiye aliyemuuguza, na hakupata hata kidonda kimoja.

Mlezi wa zamu ya jioni, Massachusetts

JIBU

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla sijasomea uuguzi nilikuwa CNA wa zamu ya usiku, na ile supu yenye utando naijua. Nimeshawahi kuimwaga nyingi tu, nikiwa na haya.

Tuanze na hesabu. Zamu yako ni saa 8, yaani dakika 480. Gawa kwa wazee 24, kila mmoja anapata dakika 20, hapo hujanywa maji wala hujaenda chooni wewe mwenyewe. Ndani ya dakika hizo 20 umlishe, umwogeshe, umsafishe meno, umbadilishe, umgeuze mara nne, umlaze. Mzee anayemeza kwa shida peke yake anahitaji nusu saa ya kulishwa taratibu ili asipaliwe. Ongeza yule aliyeanguka. Jumapili ile hukuwa mvivu, wala hukuwa na roho mbaya. Ulipewa kazi isiyowezekana, na aliyepanga zamu alijua kwamba haiwezekani. Mama yako alikuwa na mgonjwa mmoja. Usijipime naye.

Lakini zile tiki ni zako, na hapo sitakubembeleza.

Kwetu tukisikia kuna wafanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara, jina lipo na mtu hayupo, tunakasirika. Sasa itazame skrini yako. Ndani yake kuna mtu aliyemgeuza Bibi saa 10, akamgeuza saa 12, akarudi saa 2, akamlisha nusu sahani. Mtu huyo hayupo. Umemwajiri wewe kwa kidole chako, anafanya kazi bila mshahara, na amekalia nafasi ya yule CNA wa tatu aliyeondoka. Wakubwa wakifungua kompyuta Jumatatu asubuhi wanaona wazee 24 wamegeuzwa na wamekula, na mlezi mmoja ametosha. Kwa nini waajiri wa pili? Naye daktari akitaka kujua kwa nini ngozi ya Bibi imefunguka, anasoma kwamba hugeuzwa vizuri na hula, basi anakwenda kutafuta sababu kwenye godoro au kwenye damu. Uhaba wa watu ndiyo maradhi ya nyumba hiyo, na tiki zenu ndizo zinazoyaficha.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukufundishwa. Jina lako liko kwenye rejista ya CNA ya jimbo. Ikithibitishwa kwamba ulimtelekeza mkazi, inaandikwa pale, na nyumba za wazee haziruhusiwi kukuajiri. Ila sheria hiyo hiyo ya Marekani, inayotokana na mageuzi ya nyumba za wazee ya 1987, inasema mfanyakazi asihesabiwe kosa la utelekezaji akionyesha kwamba lilisababishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Wazee 24 na mlezi mmoja ni jambo la namna hiyo. Utalionyeshaje, ikiwa maandishi yako mwenyewe yanasema ulifanya kila kitu kwa wakati? Msimamizi alikwambia tiki zinakulinda mbele ya wakaguzi. Zinamlinda yeye. Wewe zimekuvua nguo.

Sasa Bibi, maana yeye hawezi kusubiri mambo ya ofisini. Ukiingia zamu na mko pungufu, kabla ya taa ya kwanza kuwaka, jua ni wazee wangapi wasioweza kujigeuza wenyewe. Pengine ni watano au sita. Hao ndio wa kwanza, hata kama hawaiti, na mara nyingi hawaiti. Bibi asilale chali juu ya kile kidonda. Mlaze ubavu nusunusu, mto nyuma ya mgongo umshikilie, mto mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro, kwa kuwa visigino ndivyo hufuata. Mkojo usimkaukie mwilini, ngozi iliyolowa huchubuka kama karatasi. Ukimgeuza, bonyeza kwa kidole pale palipobadilika rangi. Pasipopauka ukiachia, kidonda kimeshaanza chini hata kama juu hapajafunguka. Kwa wazee wenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani, pita na mkono: panapokuwa na joto kuliko pembeni, au pagumu, au palaini kama embe lililoiva sana, mwite muuguzi. Na asipokula, sema hakula. Kidonda hakizibi kwa mtu asiyepata protini na maji.

Mashine ya kunyanyulia usiitumie peke yako, hata msimamizi akikuharakisha. Bibi akidondoka hapo hakuna atakayekumbuka mlikuwa wangapi.

Kuhusu skrini, kuanzia zamu yako ijayo jaza kilichofanyika. Uliyemgeuza mara mbili, andika mara mbili, na saa zenyewe. Ulipoona umebaki peke yako, mwambie muuguzi wa zamu mapema, jioni ile ile, kwamba hutaweza kuwageuza wote kwa wakati na unaomba msaada, kisha umtumie mkuu wa wauguzi ujumbe mfupi wa maandishi unaosema hivyo hivyo, bila matusi na bila majina ya wazee. Baki na nakala. Tiki za zamani usirudi kuzifuta wala kuzibadilisha kimyakimya, hilo ni kosa jipya. Inabidi useme. Ila kabla ya kuandika barua ya kukiri, onana na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho, au ofisi ya msaada wa sheria bila malipo, akusaidie namna ya kulisema. Najua hapa tumbo limekukata. Hata hivyo ni bora lisikike kwako kabla halijasikika kwa mtu mwingine.

Usiende peke yako. Tangu 1935 sheria ya kazi ya Marekani inawalinda wafanyakazi wa sekta binafsi wanaoungana kulalamikia hali ya kazi yao, hata pasipo chama. Mkienda wawili au watatu kwa mkuu wa wauguzi mkasema "hatutatia tiki tena kwa kazi ambayo haijafanyika," mmekaa mahali pazuri zaidi kuliko wewe peke yako. Mwenzako aliyekutajia karo si adui, anaogopa kama wewe. Mwonyeshe ile habari ya rejista, atasikia.

Na mkienda, mjue namba. Mwezi Aprili 2024 serikali kuu ilitangaza kiwango cha nchi nzima, saa 3.48 za matunzo kwa kila mkazi kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24. Aprili 2025 jaji wa Texas akakifuta, na Julai mwaka huo sheria mpya ikazuia kisitekelezwe hadi mwishoni mwa Septemba 2034. Wamiliki wa nyumba za wazee walisema watu hawapatikani. Watu wapo, wengine wako kwenye ghala pamoja na mwenzako, wakiangalia mshahara na migongo yao. Iliniuma sana kanuni ile kuondoka. Lakini Massachusetts ina yake, tangu 2021: saa 3.58 kwa kila mkazi kwa siku. Kwa wazee 24 hizo ni karibu saa 86, kama watu 11 wa zamu ya saa 8, asubuhi hadi asubuhi, CNA na wauguzi pamoja. Inahesabiwa kwa nyumba nzima, hivyo Jumapili moja kwenye wodi moja haithibitishi kosa. Inatosha kuuliza swali.

Wakikupa kisogo, lipo la kufanya. Idara ya Afya ya Umma ya jimbo inapokea malalamiko kutoka kwa yeyote, hata asiyetaja jina. Na kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, cheo chake huitwa ombudsman. Huyo haruhusiwi kumtaja mlalamikaji bila ridhaa yake.

Umeniuliza kuhusu binti. Ile picha usimtumie, wala usimwonyeshe mtu. Mwili wa mkazi ndani ya simu ya mfanyakazi ni kosa hata nia ikiwa njema, na kesi itaacha kidonda ije ishike simu yako. Mtajie huyo mwanasheria kwamba unayo, akuambie la kufanya. Kisha fikiria, mdogo wangu: mwalimu anayekurudisha mlangoni ubishe hodi, angekubali sehemu hiyo ya mwili wake ipite kwenye WhatsApp, hata kwa mwanawe?

Hapo ndipo barua yako iliponisimamisha. Umemuuliza mwenzako, umeniuliza mimi, unataka kumwambia binti. Bibi mwenyewe hujamuuliza. Umesema akili yake iko sawasawa. Mwili ni wake, na kulalamika bila kuadhibiwa ni haki yake kwa sheria ile ya 1987. Bisha hodi, kaa kitini uso wenu ulingane, umwambie: "Bibi, kuna siku sikugeuzi inavyotakiwa kwa sababu niko peke yangu. Kidonda chako kimetokana na hilo. Una haki ya kumwambia binti yako, kuitisha kikao cha mpango wa matunzo yako, na kumwita ombudsman." Atakasirika pengine. Ana haki. Aliwahi kukuomba ukae kidogo, na nadhani alikuwa na la kusema.

Binti akija Jumamosi, mrudie: "Siku ile nilikujibu ndiyo. Si kila mara. Muulize muuguzi kuhusu ngozi ya mama, na uombe kikao." Kidonda kipya kinachohitaji matibabu mapya, nyumba ilipaswa kumjulisha Bibi na anayemwakilisha. Kama binti hajui hadi leo, swali la kwanza la kikao analo tayari. Aangalie pia tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, sehemu ya Care Compare. Nyumba hutuma kwa serikali saa za wafanyakazi kila robo mwaka kutoka kwenye orodha ya mishahara, na pale zinaonekana, hata za Jumamosi na Jumapili peke yake. Kule tiki hazifiki.

Kuacha kazi? Si wiki hii. Usiondoke katikati ya zamu hata siku moja, wazee wakabaki bila mtu. Tafuta kazi nyingine polepole huku ukiwa na mshahara, kwa ajili ya karo ile na dawa za mama, na kabla ya kusaini uulize moja: Jumapili jioni CNA mmoja ana wazee wangapi? Wakijikunyata, umejibiwa. Na wakikufukuza kwa kuandika ukweli, rudi kwa mwanasheria yule yule siku hiyo hiyo, na nakala zako mkononi.

Zamu yako ijayo ni lini? Ukishazungumza na Bibi, niandikie. Nataka kujua alisema nini, na kidonda kimefikia wapi.

Dada yako